Meno ya Msumeno, Masikio ya Mtoto

Mama alikuwa na kipimo chake cha masikio, na kipimo hicho kilikuwa sufuria. Alimsimamisha mjukuu wake uani, uso umeelekea ukuta, kisha akanyata nyuma yake na kuigonga kwa mwiko. Mtoto akageuka.

"Mmeona?" mama akatuambia mimi na dada. "Anasikia huyu. Ukaidi tu umemjaa."

Mtoto alikuwa wa dada yangu, wa pekee. Alikuwa na miaka sita, mwepesi wa kucheka, mwepesi wa miguu, na kila mtu mtaani kwetu Temeke alikuwa na maelezo yake kuhusu kwa nini haambiliki. Ukimwita kwa nguvu alikuja. Ukimwambia jambo huku umempa mgongo, alikutazama kidogo kisha akaendelea na mchezo wake. Ukimtuma dukani alirudi na kitu kingine kabisa, tena kwa furaha ya mtu aliyetimiza kazi. Jirani mmoja alisema amedekezwa kwa sababu dada aliachika akiwa na mimba. Mwingine alisema ni ile homa aliyougua alipokuwa anaanza kutembea. Shangazi yetu alisema mtoto ana mtu wake, yaani jini, na akashauri asomewe. Akasomewa. Aliwacheka waliomsomea, wakacheka naye, na hakuna kilichobadilika.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, uhandisi wa umeme, na nilikuwa nyumbani bila kazi. Serikali ilikuwa imeacha kumwajiri kila anayehitimu, na kampuni za watu binafsi zilikuwa bado zinajitangaza zaidi kuliko kufanya kazi. Nilikuwa na muda mwingi na tabia mbaya ya kuuliza. Niliwauliza wote swali moja: mmejuaje? Jirani hakupenda swali hilo. Shangazi alilipenda kidogo zaidi, akanijibu kwamba wasomi hatuna adabu.

"Sufuria ni sauti nene," nilimwambia mama. "Akisikia sufuria haina maana anasikia kila kitu."

"Sauti ni sauti," mama akasema. "Au huko chuo mmegawa?"

Tulikuwa tumegawa, lakini sikuweza kumwonyesha hapo hapo.

Jambo lenyewe lilikuwa na haraka. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya karibu, ambako dada alitaka kumwandikisha darasa la kwanza mwezi Januari, alikuwa amemwona mtoto siku ya usajili. Alimwambia akae, mtoto akasimama. Akamwambia asimame, mtoto akatoka nje. Mwalimu hakugomba. Alimwambia dada kwamba madarasa yamejaa, watoto wengine wanakaa sakafuni, na mwalimu mwenye umati huo hawezi kumkimbiza mmoja. Kama mtoto anasikia, dada amfundishe kutii kwanza, arudi baada ya mwaka mmoja. Kama hasikii, iko shule ya bweni ya viziwi huko bara, safari ya kutwa nzima kwa basi, nao wanapokea Januari hiyo hiyo. Basi dada achague.

Dada hakutaka kuchagua. Hakuwahi kulala mbali na mtoto wake. Alikuwa anauza vitumbua asubuhi na kushona mchana, na mtoto alikuwa chini ya cherehani muda wote, akichezea mabaki ya vitambaa.

Zahanati walimulika masikio yake kwa tochi, wakasema ni mazima, hayana hata nta. Kipimo halisi, tuliambiwa, kipo mjini, na foleni yake inafika mwezi Machi. Shule ilikuwa inafungua Januari.

"Kwani hicho kipimo kinafanya nini?" dada akaniuliza tukiwa njiani kurudi.

"Kinampigia sauti nene, halafu nyembamba, halafu nyembamba zaidi, kuona anaishia wapi."

"Basi tu?"

"Basi tu."

"Sasa wewe umesomea umeme wa nini?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Saketi niliyoichagua ni ile ambayo mwanafunzi wa umeme huichora mapema. Unaijaza kapasita kwa mkondo usiobadilika, volti zake zinapanda kwa mstari ulionyooka, na zikifika kiwango ulichoweka, transista inafunguka na kuimwaga, kisha kazi inaanza upya. Kwenye kioo cha osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyopanda na kushuka, unaona meno ya msumeno: mpando, anguko, mpando, anguko. Aliyewahi kukinga maji bombani anaijua kazi hii. Kapasita ni ndoo, mkondo ni bomba. Ukifungua bomba kidogo, ndoo inajaa taratibu, meno yanakuja kwa nafasi, na ukiyapeleka kwenye spika unasikia mngurumo. Ukifungua sana, meno yanabanana na sauti inakuwa nyembamba kama ya mbu.

Nilitaka kitufe kimoja tu. Ukizungushe kutoka mwanzo hadi mwisho, sauti ipande kutoka mngurumo mpaka mbu bila kukatika. Sikuona sababu ya kuwa na vitufe vingi, na kila niliyemwona akiweka vitufe vingi nilimshuku kwamba hajafikiri vya kutosha. Kwa hiyo ndoo yangu ilikuwa moja, na kazi yote nikaiachia bomba.

Vifaa nilivitafuta Tandika, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anauza mabaki ya redio zilizoletwa kutoka Dubai. Biashara huria ilikuwa imemfungulia mlango naye alikuwa ameuingia na magunia.

"Karibu sista. Redio imekufa?"

"Sina redio. Natafuta transista na hedifoni."

"Unatengeneza nini?"

"Msumeno."

Akanitazama vizuri. "Maseremala wale pale, mtaa wa pili."

"Msumeno wa umeme."

"Haya. Wa umeme." Akaingiza mkono kwenye gunia. "Braza wako anajua kama unachezea umeme?"

"Sina kaka."

"Ndiyo maana," akasema, akanipunguzia bei.

Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, kwa hiyo mashine yangu niliitengeneza itumie betri za redio, zile tulizoziita mawe. Chuma cha kulehemu kilihitaji umeme wa ukutani, basi nilikuwa nasubiri. Umeme ukirudi, watoto mtaani walipiga kelele za shangwe, mama aliwasha pasi, nami nilikimbilia mezani kulehemu kabla haujaondoka. Nilifunga saketi ndani ya kopo la maziwa ya unga, kitufe juu ya kifuniko, hedifoni pembeni. Jumapili moja asubuhi ilikuwa tayari.

Tulimkalisha mtoto kwenye mkeka. Dada akamwonyesha kwa vitendo: ukisikia, nyanyua mkono, ukiacha kusikia, shusha. Alielewa mara moja. Kumbe mambo ya kuonyeshwa alikuwa anayaelewa haraka kuliko wote. Nikamvika hedifoni, nikaanza chini kabisa. Mkono ukapanda, na uso wote ukacheka. Nikazungusha. Mkono ulibaki juu, ukabaki, kisha kitufe kikiwa kimevuka nusu kidogo ukaanza kulegea, akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, akaushusha. Nikarudisha nyuma, mkono ukapanda. Nikasogeza mbele, ukashuka. Nikarudia kwa kumficha kitufe. Pale pale.

Dada alikuwa amekaa mlangoni. "Kwa hiyo hasikii," alisema.

"Hasikii hizi za juu."

"Kwa hiyo hasikii."

Akaingia ndani. Nilimsikia akivuta sanduku la bati chini ya kitanda, akalifungua, akaanza kutoa vitu vyake ili vya mtoto vipate nafasi.

Mama ndiye aliyekasirika. Alichukua hedifoni, akajivika juu ya mtandio. "Hebu na mie nisikie hicho asichokisikia." Nikazungusha. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akatikisa, kisha akatulia. "Mbona umezima?"

"Sijazima, mama."

"Umezima."

"Haijazimwa. Inalia."

"Basi mashine yako ndiyo kiziwi," akasema, akaivua, akaenda kuangalia wali.

Alisema kwa hasira, na mtu mwenye umri wake huwa hasikii vizuri sauti za juu, hilo nililijua. Lakini nilivaa mwenyewe hedifoni. Nilizisikia sauti za juu, zote, ila zilikuja kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Hadi hapo nilikuwa nimeamini kwamba ndivyo sauti nyembamba zilivyo. Sasa nikajiuliza swali nililozoea kuwauliza wengine. Nimejuaje? Kama sauti inafifia kadiri inavyopanda, basi mtoto anaposhusha mkono, aliyeishiwa ni yeye au ni mashine?

Sikuwa na osiloskopu. Jumatatu nilipanda basi kwenda chuoni kumwomba aliyesimamia maabara aniruhusu saa moja. Alinikumbuka kwa maswali yangu, akaniruhusu kwa sharti nisimwulize lolote. Niliunganisha kopo langu, nikaona jibu kabla sijakaa vizuri. Chini, meno yalikuwa marefu, yamenyooka, mazuri ya kutazama. Nilipozungusha kitufe yakaanza kupungua urefu. Kwenye nusu yalikuwa yamepungua sana. Mwisho wa kitufe yalikuwa mikunjo tu.

Sababu yake ilikuwa ya bombani pia. Bomba limefunguliwa mpaka mwisho, ndoo ni ile ile kubwa, na kuimwaga kunahitaji muda wake. Kabla haijaisha kumwagika maji mapya yanaingia, kwa hiyo mpando unaofuata hauanzii chini, unaanzia katikati. Kwa mwendo wa polepole kosa hilo halionekani, kwa sababu muda wa kumwaga ni mdogo sana ukilinganisha na muda wa kujaza. Ukiongeza mwendo, kumwaga kunakula sehemu kubwa zaidi ya kila jino, na jino linafupika. Saketi inayofanya kazi vizuri mahali pamoja haikuahidi kufanya kazi vizuri kila mahali. Mimi ndiye niliyedhani imeahidi.

Nilirudi Temeke nikikaribia kufurahi. Nilimkuta dada anaandika jina la mtoto kwa uzi kwenye shuka.

"Acha kwanza," nikamwambia. "Bado hatujui."

"Jana ulijua."

"Jana mashine ilikuwa inapunguza sauti yenyewe. Inawezekana anasikia."

"Inawezekana." Alikata uzi kwa meno. "Jana hasikii, leo inawezekana. Kesho utaniambiaje? Mie siyo maabara, mdogo wangu. Mie nina mtoto na nina Januari."

"Nataka tuwe na uhakika."

"Wewe unapenda kutokuwa na uhakika. Ungeupata ungeutupa, upate cha kufanya."

Mpaka leo sijui kama alikosea. Lakini hakuendelea kushona. Alilikunja shuka, akaliweka juu ya sanduku, akaniambia, "Niambie lini."

Nilimwambia Jumapili.

Nilibomoa saketi yote. Safari hii niliacha ile ndoto ya kitufe kimoja. Sauti nene nilizipa kapasita kubwa, za katikati kapasita ya kati, nyembamba kapasita ndogo, kila kundi na ndoo yake, ili bomba lisihitaji kufunguliwa kupita kiasi popote. Transista ya kumwagia nikaibadilisha nikaweka yenye nguvu zaidi. Kilichonikwamisha ni swichi ya kuchagua kapasita, kwani swichi za kawaida zina njia mbili tu. Kisha nikakumbuka redio ya mama. Ilikuwa imekufa tangu zamani, lakini ilikaa kabatini chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, na ilikuwa na kile kitufe cha kuhamia masafa mafupi, ya kati na marefu. Kitufe kile ndicho hasa nilichokihitaji, na kilikuwa kimetengenezwa kwa kazi inayofanana.

"Hiyo redio ni ya baba yenu," mama akasema.

"Haiongei, mama."

"Na yeye haongei, Mungu amrehemu, mbona sijamtoa vyuma?"

Dada akacheka hadi akaegemea ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile. Mama alimwangalia akicheka, kisha akaondoa kitambaa juu ya redio, akakikunja. "Chukua. Lakini lile gamba lirudi mahali pake, watu wasione pengo."

Nilirudi tena chuoni na kopo jipya. Msimamizi wa maabara alinifungulia. Nilipita kundi moja moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikipima urefu wa jino kwenye mistari ya kioo. Mwisho wa kila kundi jino bado lilifupika, ila kwa unene wa ule mstari wenyewe. Nilipohamia kundi linalofuata lilirudi urefu wake. Nilirekebisha rezista hapa na pale mpaka makundi yote matatu yakawa na kimo kimoja, kisha nikayapitia tena kwa mawe yaliyokwisha kuchakaa, nikaona yanashuka yote kwa pamoja, nikaazimia kununua mapya.

Bado kulikuwa na mambo mawili yaliyonisumbua. La kwanza, ndani ya sauti nene ya msumeno kuna sauti nyembamba nyingi zimejificha, kwa sababu ya zile ncha kali. Kwa hiyo mtoto akinyanyua mkono upande wa chini, sijui amesikia ipi. Hilo nililiacha, sufuria ya mama ilikuwa imeshatuambia kwamba za chini anazisikia. Nilizozitaka ni za juu, na huko kilichojificha ni chembamba zaidi, hakiwezi kumsaidia. La pili ni hedifoni. Saketi inaweza kutoa meno sawa na hedifoni ikayameza njiani. Kipimo cha hedifoni sikuwa nacho. Kilichokuwepo ni masikio ya watoto wengine, na mtaa wetu haukuwahi kupungukiwa watoto.

Jumapili walikuja wengi kuliko niliowaita. Kila mmoja alitaka kusikia "redio ya mbu". Walikaa kwenye mkeka kwa zamu, wakanyanyua mikono, na mikono yao ilibaki juu mpaka mwisho kabisa wa kundi la juu. Mmoja alidanganya, alinyanyua mkono hata nilipozima. Wenzake wakamzomea, "Mwongo! Imezimwa hiyo!" Nikamrudisha mwisho wa mstari.

Kisha akakaa mtoto wetu. Kundi la chini, mkono juu. La kati, juu. La juu, ulipanda mwanzoni, kisha akakunja uso ule ule wa kutafuta mfukoni, akaushusha. Kwa wembamba wa sauti, ilikuwa mbele kidogo ya pale pa mara ya kwanza. Nilirudia, nikarudia. Wale wengine walikuwa wametulia sasa, wanamtazama.

Ningesema uongo nikisema sikuwa nimetumaini jambo jingine. Nilikuwa nimejenga mashine nzima upya nikitumaini kwamba kosa ni langu.

Dada alikuwa pale pale mlangoni. Hakuingia ndani. "Mashine ni nzima?" akauliza.

"Nzima."

"Umehakikisha."

"Nimehakikisha."

"Haya. Nieleze taratibu, kama unamwelezea mtu ambaye hajasoma, maana ndiye mimi. Anasikia nini na hasikii nini?"

Nikamweleza. Kwamba katika maneno ya mtu kuna sehemu nene, zile anazoziimba mama akimlaza mtoto, hizo anazipata. Na kuna sehemu nyembamba, zile za ulimi na meno, zinazotenganisha neno na neno, hizo hazimfikii. Kwamba anatusikia tunaongea bila kujua tunasema nini, isipokuwa anapotutazama mdomoni.

Dada alimwangalia mtoto. "Ndiyo maana hataki nimpe mgongo," akasema. "Nikishona ananishika kidevu. Nilikuwa nampiga mkono."

Mama alikuwa amesimama na ungo. Hakusema kitu kuhusu ukaidi, siku ile wala siku nyingine.

Jumatatu tulikwenda kwa mwalimu mkuu, mimi, dada na mtoto, na kopo. Nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia, akaangalia kopo la maziwa kwa heshima ndogo. Nilipomaliza kueleza aliuliza swali ambalo nilikuwa nimelisubiri maisha yangu yote kutoka kwa mtu mzima: "Na mimi nitajuaje kwamba hili kopo halisemi uongo?"

Nilimwomba alete mtoto yeyote anayemwamini. Akaita wawili waliokuwa wanafagia. Akawapima mwenyewe, akizungusha kitufe kwa mkono wake. Akampima wetu. Alipomaliza alisimama nyuma yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Njoo hapa." Hakutikisika. Akazunguka mbele yake, akainama, akasema maneno yale yale kwa sauti ile ile. Mtoto akamsogelea.

Mwalimu alikaa. "Hata hivyo mimi sina mwalimu wa watoto wa namna hii," alisema. "Huko bweni wanao."

"Huko watamfundisha kuongea kwa mikono," dada akasema. Hakuwa na mazoea ya kubishana na walimu. "Siyo vibaya. Lakini mwanangu nusu ya maneno anayapata. Nikimpeleka huko, hiyo nusu nani ataiendeleza? Mwalimu, mie siombi mwalimu wa peke yake. Naomba benchi la mbele, na mtu wa kufundisha asiongee na ubao."

"Wote wanaongea na ubao," mwalimu akasema. "Hata mimi." Alifikiri. "Mpaka likizo ya Juni. Akiachwa na wenzake, utampeleka bweni, na hutaniletea kopo lingine."

"Sawa, mwalimu."

"Na mwezi Machi muende huko mjini. Nataka karatasi ya daktari."

Tulikwenda Machi. Karatasi ilichora mstari unaoanguka karibu na pale mkono ulipokuwa unashuka, si pale pale hasa, na daktari alisema kwa neno moja kile alichomaanisha mwalimu: tutaona. Dada alimwuliza tutaona nini, na lini, na kwa kipimo gani. Nilikaa pembeni nikamwachia maswali yote.

Kabla ya hapo, siku ya kwanza ya shule mwezi Januari, dada ndiye aliyempeleka mtoto. Mimi nilitembea nyuma yao kidogo. Sare ilikuwa kubwa, imekunjwa pindo ili ishushwe baadaye. Mlangoni dada alimwelekeza mwalimu wa kike jinsi ya kusimama, akimshika mabega na kumgeuza kidogo kuelekea madirishani ili mwanga uangukie uso wake. Mwalimu, msichana wa umri wangu, alikubali kugeuzwa. Mtoto akakaa benchi la mbele, akanyoosha shingo, akaanza kumtazama mdomoni.

Dada aliondoka dirishani baada ya wazazi wengine wote kuondoka. Njiani aliniuliza kama Juni ni mbali au karibu. Nilimwambia sijui, naye akasema safari hii ananiamini.